KUKU WA NYUMBANI NA SIASA YA KUJITEGEMEA: MAFUNZO YA HISTORIA

Tunapofundisha historia ya uchumi wa nchi yetu vyuoni na katika semina za Chama, desturi yetu ni kuanza na mkonge, pamba, kahawa na ng'ombe. Kuku hatajwi, na sababu yake inaeleweka. Kuku hakupakiwa melini kupelekwa Ulaya, hakujengewa reli, na mkoloni hakumwekea bodi ya mazao. Alibaki uani, akifugwa na mama na watoto, akichinjwa mgeni anapofika au mgonjwa anapohitaji mchuzi. Kwa kuwa hakuwa na faida kwa mwenye mtaji, hakuandikwa katika vitabu vya mwenye mtaji. Sisi tukarithi vitabu hivyo pamoja na upofu wao.

Makala haya yanakusudia kusahihisha upungufu huo. Hoja yetu ni kwamba kuku wa nyumbani ni kipimo kizuri cha kujitegemea kwa sababu anatulazimisha kuuliza maswali manne: Nani anashika mbegu? Nani anashika chakula? Nani anashika dawa? Na mwisho, kuku akishanona, nani anashika kisu na nani anakula? Historia inaonyesha kwamba kila tulipojibu maswali haya vizuri, jamii ilisimama hata wakati wa dhiki, na kila tulipoyapuuza, mabanda yalibaki matupu.

1. Asili ya kuku wetu

Kuku si mnyama wa asili ya Afrika. Babu yake ni kuku-pori wa misitu ya Asia ya Kusini Mashariki. Mifupa ya zamani zaidi inayokubaliwa na wataalamu kuwa ya kuku wa kufugwa imepatikana Ban Non Wat, Thailand, na ni ya kati ya miaka 1650 na 1250 kabla ya Kristo. Wataalamu hao wanaeleza kwamba kuku-pori alivutwa na nafaka: binadamu alipolima mpunga na mtama karibu na msitu, ndege huyo alifuata punje zilizomwagika, akazoea, akabaki. Kwa hiyo tangu mwanzo kuku ni zao la kilimo, anakula kile ambacho mkulima amekiacha.

Katika pwani yetu alifika kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Mifupa yake imefukuliwa katika miji na vijiji vya kale vya Waswahili, kama vile Unguja Ukuu na Fukuchani huko Zanzibar, katika tabaka za nusu ya pili ya milenia ya kwanza baada ya Kristo. Kutoka huko na kwa njia nyingine alienea bara. Lugha zetu zinashuhudia ueneaji huo: Waswahili husema kuku, Wakamba nguku, Wanyarwanda inkoko, Washona huku, Wazulu inkukhu. Neno ni karibu moja kutoka Ikweta hadi kusini mwa bara.

Alipokelewa haraka kwa sababu alilingana na hali ya mzalishaji mdogo. Sehemu kubwa ya nchi yetu ina mbung'o, na penye mbung'o ng'ombe hafugiki kwa urahisi. Kuku hana shida hiyo, wala hahitaji malisho mapana au mchungaji. Tena ng'ombe mmoja akichinjwa, nyama yake lazima igawiwe au ikaushwe, lakini kuku mmoja ni kitoweo cha nyumba moja kwa siku moja. Pasipo na barafu wala duka la nyama, kuku hai ndiye ghala ya nyama isiyooza.

2. Kuku chini ya ukoloni

Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilinunua chakula njiani, na kuku alikuwa miongoni mwa vitu ambavyo wanavijiji walibadilishana kwa nguo na shanga. Mwishoni mwa karne hiyo, katika miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka ulifyeka sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Jamii za wafugaji zilivunjika nguvu wakati ule ule mkoloni Mjerumani alipokuwa akizitia mkononi. Pale ambapo ng'ombe alikufa, mbuzi na kuku wakawa tegemeo.

Kisha ikaja kodi ya nyumba, iliyowekwa na Wajerumani kwa amri ya mwaka 1897. Kodi hiyo haikuwa na shabaha ya mapato tu. Ilikusudiwa pia kumlazimisha Mwafrika ama alime zao la kuuza, ama auze nguvu zake katika shamba la mzungu. Kwa nyumba ambayo haikuwa na kahawa wala pamba, mali nyepesi ya kugeuzwa fedha ilikuwa kuku na mayai. Hivyo kitoweo cha mtoto kikaanza kugeuka kuwa rupia ya mtawala.

Utaalamu wa mifugo nao ulifuata maslahi ya utawala. Kituo cha Mpwapwa, ambacho kilianzishwa mwaka 1905 na baadaye kikaendelezwa na Waingereza, kilijulikana kwa kazi yake juu ya ng'ombe na maradhi yao, kwani ng'ombe alikuwa nyama ya mijini, ngozi ya kuuza nje na chanzo cha kodi. Kuku wa mwanakijiji hakuwa na nafasi kubwa katika hesabu hiyo. Hatusemi kazi ya Mpwapwa ilikuwa bure. Tulirithi faida yake. Tunasema kwamba sayansi haiulizi maswali yenyewe. Inaulizwa na mwenye madaraka, na mwenye madaraka alikuwa hamwoni mwanamke mwenye kuku watano.

3. Mali ya wote na mali ya nyumba

Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Mwezi Machi mwaka huo ikafuata Elimu ya Kujitegemea, ambayo iliingiza jembe na banda la mifugo katika shule, na mwezi Septemba ikafuata Ujamaa Vijijini. Hapo lilizuka swali ambalo wanafunzi wetu huliuliza hadi leo: Ikiwa ardhi ni ya wote na shamba la kijiji ni la wote, je, kuku ni wa nani?

Swali hili si la mzaha. Nchi nyingine zilizotangulia katika ujenzi wa ujamaa zililipia majibu yake kwa gharama kubwa. Katika Urusi ya Kisovieti, majira ya baridi ya 1929 na 1930, watendaji wenye pupa walikusanya si ardhi na farasi tu, bali hata kuku wa familia. Wakulima wengi waliona afadhali kuchinja mifugo yao kuliko kuitoa, na kati ya 1928 na 1933 idadi ya ng'ombe ilipungua kwa karibu nusu. Machi 1930 Stalin mwenyewe alilazimika kuandika gazetini kwamba mifugo midogo na kuku hawatakiwi kuingizwa katika mali ya shamba la pamoja. Kanuni za mashamba hayo za mwaka 1935 ziliweka kikomo cha ng'ombe na nguruwe ambao familia ingeweza kuwa nao, lakini kuku hawakuwekewa kikomo. China nayo, ilipoanzisha makomuni mwaka 1958, ilifunga majiko ya nyumbani na kuwapeleka watu katika mabwalo ya pamoja, na ufugaji mdogo wa nyumbani ukabanwa. Baada ya njaa kubwa, mwaka 1961 ilibidi bustani na mifugo midogo ya familia irudishwe.

Kosa la pande zote mbili lilikuwa la nadharia kabla ya kuwa la utendaji. Lilichanganya mali ya kumnyonya mtu na mali ya kumlisha mtu. Kuku watano wanaokula makapi ya mahindi ya mwenye nyumba, wakitunzwa kwa mikono ya mwenye nyumba na kuliwa mezani pake, hawamnyonyi mtu yeyote. Kuku elfu tano wanaotunzwa na vibarua kwa ujira mdogo, huku faida ikienda kwa mtu mmoja, ni uhusiano mwingine kabisa wa uzalishaji, hata kama ndege ni yule yule. Kada anapotazama banda asihesabu vichwa vya kuku tu. Atazame ni jasho la nani na ni faida ya nani.

Katika nchi yetu, Ujamaa Vijijini haukuwa na maana ya kunyang'anya familia sufuria, kitanda au tetea wake. Lakini utendaji ulikuwa na upungufu wake. Wakati wa operesheni za kuhamia vijijini, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya watu walihamishwa, mara nyingi kwa haraka na pengine kwa nguvu. Familia iliyopakiwa lorini asubuhi haikuweza kukamata kuku aliyeatamia kichakani. Penye nyumba zilizosogezwa pamoja, maradhi ya kuku nayo husafiri kwa urahisi zaidi kutoka ua hadi ua. Mambo haya yanaonekana madogo katika taarifa ya mkoa, lakini kwa mama aliyeanza upya bila mbegu ya kuku yalikuwa makubwa.

4. Kuku wa kisasa na msukosuko wa uchumi

Mijini, mkakati ulikuwa kuku wa kisasa. Yaliundwa mashirika ya umma ya mifugo: NARCO kwa ranchi, DAFCO kwa maziwa na NAPOCO kwa kuku. Nia ilikuwa njema, yaani mfanyakazi wa kiwandani apate yai na nyama kwa bei anayoimudu, bila kumtajirisha mlanguzi.

Lakini tuangalie mbegu yenyewe. Kuku wa kisasa ni zao la ubepari wa karne ya 20. Huko Marekani, kati ya 1946 na 1948, yaliendeshwa mashindano ya kitaifa ya kumpata kuku wa kesho, mwenye kidari kipana na anayekua upesi. Kutokana na juhudi za aina hiyo likazaliwa kabila la kuku anayefaa kuchinjwa baada ya wiki sita hivi, na jingine la kutaga mayai 250 hadi 300 kwa mwaka, ambapo tetea wetu wa kienyeji hutaga kama 40 hadi 60. Hayo ni maendeleo ya kweli. Ila kuku hao ni machotara. Mfugaji akiatamisha mayai yao hapati tena kuku wa sifa ile ile. Lazima arudi kwa mwenye kuku wazazi, na mwenye wazazi lazima arudi kwa mwenye mababu. Leo hii mababu wa kuku wa nyama duniani wako mikononi mwa makampuni machache mno ya Ulaya na Marekani.

Hivyo banda la kisasa lilikuwa na kamba tatu zilizofungwa nje ya nchi: vifaranga au wazazi wao, dawa na chanjo, na baadhi ya viungo vya chakula. Kamba hizo zilivutwa na fedha za kigeni. Ikaja miaka migumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, vita dhidi ya Idi Amin vilipiganwa 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda tena, na bei ya mazao yetu ikashuka. Fedha za kigeni zilipokauka, chakula cha kuku kilikosekana. Hata mahindi yalikuwa haba kwa binadamu wenyewe. Wananchi waliokula unga wa manjano wa msaada, ule walioubatiza unga wa Yanga, hawakuwa na mahindi ya kumwagia kuku elfu moja bandani. NAPOCO haipo tena, na mabanda mengi ya wakati ule yaliishia kuwa magofu.

Nani aliyelisha mji katika miaka hiyo? Kwa sehemu kubwa mji ulijilisha wenyewe. Wafanyakazi ambao mshahara haukuwafikisha mwisho wa mwezi walilima mihogo na mchicha kandokando ya nyumba, wakafuga kuku uani. Mtafiti Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya Dar es Salaam, ameeleza jinsi miradi midogo ya namna hiyo, mingi ikiwa ya wanawake, ilivyobeba familia kuliko mshahara. Kuku wa kienyeji, ambaye wataalamu walimdharau kwa udogo wake, hakungoja meli. Alikula makapi, akaatamia mayai yake mwenyewe, na baada ya siku 21 akatoka na vifaranga bila leseni ya kuagiza.

Hatutaki msomaji aelewe kwamba tunapinga sayansi au tunataka nchi irudi nyuma. Kuku wa kienyeji peke yake hawezi kuutosheleza mji wa mamilioni ya watu. Funzo ni kwamba uzalishaji mkubwa ambao mizizi yake iko nje huanguka dhoruba ikija, na hali hiyo haijatutoka. Mwaka 2017 serikali iliteketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga kinyume cha katazo lililowekwa ili kuzuia mafua ya ndege. Sheria ilitekelezwa, lakini kada mwenye kufikiri hana budi kuuliza zaidi: kwa nini mfugaji wetu alikuwa tayari kununua kifaranga cha magendo? Watu hawavuki mpaka kutafuta kile kinachowatosha nyumbani. Hata machotara wa karibuni wanaosambazwa vijijini, kama Kuroiler mwenye asili ya India na Sasso mwenye asili ya Ufaransa, wanatuletea swali lile lile la mbegu.

5. Adui kideri

Tukimsifu kuku wa kienyeji bila kutaja kideri tutakuwa tunadanganyana. Ugonjwa huu, ambao mahali pengine huitwa mdondo, ulitambuliwa na wanasayansi mwaka 1926 huko Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, ambao jina lake limepewa ugonjwa wenyewe. Ukiingia katika kijiji kisichochanja, unaweza kuua karibu kuku wote kwa siku chache. Hauna tiba. Mwanakijiji aliyepoteza kuku 20 kwa wiki moja hufikia uamuzi kwamba kuku si mali ya kutumainia, na hapo huacha kuwajengea banda na kuwapa maji. Huo si uvivu. Ni hesabu ya mtu aliyekwisha kupata hasara.

Kwa miaka mingi chanjo ilikuwepo, lakini ilihitaji jokofu na iliuzwa katika chupa za dozi nyingi kwa ajili ya mabanda makubwa. Yaani hata chanjo ilitengenezwa kwa kumfikiria mwenye mtaji. Mabadiliko yalikuja pale Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walipotayarisha chanjo ya I-2 inayostahimili joto. Mbegu ya chanjo hiyo ilitolewa kwa nchi maskini ili zitengeneze zenyewe, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizofanya hivyo. Hutolewa kwa tone moja la jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Mwanakijiji aliyefundishwa kwa siku chache anaweza kuchanja kijiji kizima.

Tufanye hesabu ya mfano. Familia ina matetea 4, kila mmoja akiangua vifaranga 9 mara 3 kwa mwaka. Hao ni vifaranga 108. Wakinusurika theluthi moja tu kutokana na kideri, mwewe, kicheche na baridi, familia itapata kuku 36, yaani 3 kwa mwezi. Chanjo na kibanda cha kuwalinda vifaranga vikiwafanya wanusurike theluthi mbili, watapatikana kuku 72, yaani 6 kwa mwezi. Hakuna jogoo wa kigeni aliyenunuliwa wala gunia la chakula lililoagizwa. Kilichoongezeka ni maarifa na mpango.

6. Kisu, chungu na firigisi

Tumebakiwa na swali la nne. Mwalimu Nyerere, katika Ujamaa Vijijini, alikiri wazi kwamba jamii yetu ya jadi ilikuwa na kasoro, na moja ya kasoro hizo ilikuwa hali ya mwanamke, ambaye alifanya kazi kupita sehemu yake. Kuku anaonyesha kasoro hiyo bila kuficha. Anayefungua tundu alfajiri ni mama. Anayemwaga pumba, anayetega maji na anayefukuza mwewe ni mama na watoto. Lakini siku ya kuuza, bei hupangwa na baba. Na siku ya kuchinja, mama huchemsha maji, hunyonyoa manyoya, hubabua, hukatakata na kupika, kisha firigisi humwendea baba. Katika Buganda ya zamani wanawake walikatazwa kabisa kula kuku na mayai, ingawa wao ndio waliowapika.

Wapo wanaosema firigisi ni heshima tu, si uchumi. Tunakubali kwamba heshima ya mzee nyumbani ni jambo jema. Lakini mjamzito na mtoto aliyeachishwa ziwa ndio wanaohitaji zaidi yai na ini kuliko mtu mwingine yeyote katika nyumba, na desturi inayowapa mchuzi huku nyama ikienda kwingine ni mgawanyo mbaya wa pato la taifa katika ngazi yake ya chini kabisa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mwanamke aliyeolewa haki ya kumiliki mali yake. Haki hiyo ianzie bandani.

Kisu chenyewe kina funzo la pili, na hili ni la kujivunia. Katika sehemu nyingi za nchi yetu, Mkristo anayetarajia wageni wa dini mbalimbali humwita jirani Mwislamu amchinjie, ili kila atakayefika aweze kula. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Ni busara ya watu walioishi pamoja, wanaojua maana ya mgeni njoo mwenyeji apone. Mwaka 2013, huko Buseresere, mzozo juu ya nani achinje uligeuka ghasia na ukaua mtu. Tukio hilo litukumbushe kwamba umoja wetu hauhifadhiwi katika hotuba peke yake. Unahifadhiwa uani, pale jirani anapopokea kisu kutoka kwa jirani bila kuulizana mengi.

7. Kazi iliyo mbele ya makada

Kutokana na historia hii tunaona majukumu manne. Kwanza, mbegu: vituo vyetu vya utafiti viteue na kuboresha kuku wa kienyeji wenyewe, na machotara wakija wasiwafute wale wanaojua kuatamia. Pili, chakula: pumba, mashudu na dagaa wa nchini viwe msingi wa ufugaji mkubwa na mdogo, kwa kuwa chakula ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama za banda. Tatu, dawa: kila tawi lijue ni nani anayechanja kuku katika kijiji chake na lini mara ya mwisho alichanja. Tawi lisilojua hivyo lisijigambe kwamba linajua hali ya wananchi wake. Nne, haki: taarifa za miradi ya kuku zieleze, pamoja na idadi ya kuku, nani aliyeshika fedha na watoto wangapi walikula mayai.

Mwanafunzi wa siasa asione haya kuianzia kazi hii nyumbani kwake. Afuge matetea wachache, awachanje, ajifunze kuchinja na kunyonyoa, kisha agawe nyama mezani kwa haki. Akishafanya hivyo ataweza kusimama mbele ya wanakijiji na kuzungumza juu ya kujitegemea, nao watamsikiliza, kwa sababu watajua anazungumzia kitu anachokijua kwa mikono yake.